Ukuta wa Sebule Yangu na Jina la Yunusi Kobelo

Tarehe 30 Juni 2025, Ndugu Yunusi Salehe Kobelo, fundi rangi wa chuo chetu, anastaafu kwa mujibu wa sheria baada ya utumishi wa miaka thelathini na mitano na miezi minne. Hakuna mtumishi aliyebaki chuoni aliyemwona akifika hapa akiwa mgeni. Sote tulimkuta na brashi mkononi, tukadhani alikuja na majengo.

Mwandishi wa wasifu huu ni mtunza stoo, ambaye tangu mwaka 2001 amekuwa akimkabidhi Ndugu Yunusi kila kopo la rangi na kila karatasi ya msasa. Kamati ya Sherehe imempa kurasa chache na kumsihi asiwachoshe wageni kabla ya chakula. Atajitahidi. Ahadi ya kuwafurahisha hawezi kuitoa.

Ndugu Yunusi alizaliwa Kinole mwaka 1965, mtoto wa mkulima wa ndizi na pilipili manga. Alimaliza darasa la saba, akateremka mjini kujifunza upakaji rangi kwa fundi mmoja wa Mji Mpya aliyekuwa mkali kuliko mwalimu yeyote wa chuo hiki. Machi 1990 aliletwa hapa kusaidia kupaka ukumbi mkubwa. Ukumbi ulipokamilika wenzake waliondoka, yeye akaambiwa abaki. Alipenda kusema kwamba ukumbi ule ndio uliomwajiri.

Wanaomfahamu wanajua anavyoanza kazi. Kabla ya kufungua kopo huweka kiganja ukutani na kukiacha hapo kwa muda, kama mama anayepima homa ya mtoto. Kisha hupangusa ukuta kwa kitambaa cheusi. Kitambaa kikitoka na unga mweupe, basi chini kuna chokaa isiyoshika rangi, na hapo hata Mkuu wa Chuo aje na barua, Yunusi hapaki kitu mpaka chokaa yote ikwanguliwe. Akimaliza chumba huandika kwa penseli kwenye ukuta wa nyuma ya mlango, chini kabisa, tarehe, idadi ya mikono, yaani mara alizoupaka ukuta rangi, na herufi mbili: Y.K. Wiki iliyopita mwandishi alipita stoo ya bweni la wasichana akakuta maandishi ya mwaka 2004 bado yanasomeka, na rangi ya juu yake haina hata ufa.

Visa vyake ni vingi. Mwaka ule tulipotarajia mgeni rasmi kutoka wizarani, uongozi ulimwagiza apake upande mmoja tu wa jengo la utawala, ule ambao mgeni angeuona. Yunusi aliitikia vizuri kabisa, akaanza na upande wa nyuma. Mgeni alipobakiza siku mbili, uongozi ulijikuta hauna njia ila kumwongezea rangi apake na mbele. Mara nyingine alikataa katakata kupaka maktaba, akasema ndani ya ukuta kuna bomba linalolia. Tulimcheka wiki nzima. Fundi bomba alipochimba, alikuta limepasuka mahali pale pale alipoonyesha Yunusi.

Wala hakuwa mtu wa kuficha ufundi wake ili atafutwe yeye. Lucy wa maktaba alipotaka kupaka chumba chake mwenyewe, Yunusi alimwelekeza mchana mzima: gusa ukuta, kwangua, piga msasa, futa vumbi, mkono wa kwanza uwe mwepesi, usiwe na haraka na wa pili. Lucy alipaka mwenyewe na chumba chake mpaka leo ni cha kutamanisha. Yunusi hakuwahi kusema kwamba lazima umwite fundi. Alichokuwa anasema ni kwamba, umwite usimwite, ukuta utakudai kazi ile ile.

Hapa ndipo rasimu ya kwanza ya wasifu huu iliposema: "Katika miaka miwili ya mwisho, kutokana na umri, Ndugu Yunusi alipangiwa kazi nyepesi." Sentensi hiyo ni ya uongo na aliyeiandika alijua kuwa ni ya uongo. Niache basi kujificha nyuma ya neno "mwandishi". Mimi ni Athanas Mgaya. Nina jambo nililopaswa kulisema miaka miwili iliyopita, na naona aibu kulisema leo kwenye karatasi ya sherehe yenye picha ya maua.

Mwanzoni mwa Aprili 2023 tulipata taarifa kwamba Jumamosi ya mwisho ya mwezi watu wa Ngerengere wangekuja kwangu Bigwa kuleta barua ya posa ya binti yangu Upendo. Sebule yangu ilikuwa imefubaa. Nilimwomba Yunusi apite. Alikuja jioni moja kabla ya kufuturu, midomo imemkauka kwa swaumu, akaweka kiganja ukutani, akatoa kile kitambaa chake.

"Baba Upendo," akasema, "huu ukuta umekunywa maji. Na chini una chokaa ya zamani. Tusubiri masika yaishe nikukwangulie vizuri."

Nikamwambia, "Kaka, wageni wanakuja mwisho wa mwezi huu."

"Basi muufute tu na mtundike mapazia masafi. Wakwe hawaji kuoa ukuta."

Tulicheka, nikamsindikiza hadi barabarani. Lakini moyoni nilikasirika. Nilijiambia mzee huyu amezoea kubembelezwa. Nilijiambia kwamba mimi ndiye ninayetunza rangi yote ya chuo, nayasoma maelezo ya makopo kila siku, hivyo nini hasa nisichokijua? Nilifungua simu nikamwona kijana mmoja anapaka chumba kizima kwa dakika nne huku muziki unapigwa. Hapo nikaamua kwamba fundi simhitaji.

Nilinunua rangi ya mafuta, ile ya kung'aa, kwa sababu muuza duka alisema inaoshika. Ngazi niliiazima kwa Yunusi mwenyewe. Nilimwambia nataka kubadilisha taa. Sikukwangua, kwa sababu kukwangua kunachafua makochi. Nikapaka Jumamosi na Jumapili, nje mvua ikinyesha bila kukatika, na niseme kweli, ukuta ulipendeza. Nilikaa nikautazama hadi chai ikapoa. Mke wangu Devotha alisimama mlangoni, akasema, "Unang'aa kweli, baba. Ila mbona unatoa jasho?" Nikamjibu kwamba rangi mpya ndivyo zilivyo.

Siku ya wageni ilipofika, ukuta ulikuwa umeota malengelenge makubwa kwa madogo. Tulisogeza kabati, tukasogeza makochi, tukaziba tulipoweza. Msemaji wao alikuwa Mzee Rogers, baba mkubwa wa kijana anayeposa, mtu wa mwili mkubwa aliyevaa suti nyeusi. Aliegemea ukuta wakati wa utambulisho. Alipoinuka kutoa barua, kipande cha rangi chenye ukubwa wa sinia kilibanduka ukutani kikainuka naye, kimeng'ang'ania mgongoni kwa unyevu. Mzee wa watu alisoma salamu zote za ukoo bila kujua. Mashangazi walijiziba midomo kwa khanga. Upendo aliinamisha uso, na mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Mama Mwanvita, Afisa Utawala wetu, alikuwa amekaa upande wangu kama mzazi. Alichungulia dirishani akaiona ngazi imeegemezwa nje, ile yenye herufi za Y.K. ubavuni. Akauliza, na wote wakasikia, "Hii si ngazi ya Yunusi? Jamani, ndiye aliyekufanyia hivi?"

Ningeweza kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi. Nikasema, "Ndiyo hivyo, mama. Mzee wetu siku hizi..." Sikumaliza sentensi, na haikuhitaji kumaliziwa. Watu waliguna kwa huruma. Mzee Rogers alivuliwa koti, akacheka, akasema mafundi wa siku hizi ni mtihani. Barua ikapokelewa. Shughuli ikaenda vizuri kabisa, na jina la mtu likabaki limebanduka pale, badala ya langu.

Jumatatu habari ilikuwa imeshafika kantini. Innocent, anayetugawia chai, alimwita Yunusi kwa sauti ya utani: "Mzee, umemwaibisha Athanas mbele ya wakwe!" Yunusi alikuwa ameshika kikombe. Aligeuka akanitazama. Mimi niliinamia chapati yangu kana kwamba imeandikwa kitu. Kisha nikamsikia akisema, "Nitakwenda kuangalia."

Julai, mvua zilipokwisha, alikuja kweli. Alikuja na kikwangulio, turubai la kufunika makochi yangu, na chakula chake. Alikwangua Jumamosi mbili. Siku ya kwanza hatukuzungumza, zaidi ya shikamoo na marahaba. Siku ya pili, akiwa juu ya ngazi na mgongo kanipa, ndipo aliposema.

"Sikukuuliza kantini kwa sababu mtoto hana kosa. Wakwe wameshasikia ni mimi. Ukiwaambia sasa kwamba ulidanganya mbele yao, watamtazamaje Upendo? Waache hivyo mpaka ndoa ipite. Ikishapita, wewe mwenyewe utawaambia wenzetu kazini."

"Nitawaambia, kaka. Haki ya Mungu."

"Haya. Niletee maji ya kunawa."

Alipaka rangi ya maji, mikono mitatu, akaandika tarehe na herufi zake nyuma ya mlango. Tarehe ile ilisema Julai. Mtu yeyote ambaye angeinama kuisoma angejua kwamba ukuta wa Aprili haukuwa wake. Alipoondoka, nilichukua kalenda ya parokia nikaitundika chini kabisa, karibu na sakafu, mahali ambapo hakuna mwenye akili anayetundika kalenda. Devotha aliniona. Hakuniuliza kitu, na kwa siku kadhaa hakuniita baba.

Agosti mwaka ule chuo kilijiandaa kwa sherehe za miaka hamsini, na ukumbi mkubwa ulipaswa kupakwa upya. Kila mtu alijua Yunusi anausubiri. Alikuwa ameshapima kuta zote, ameshaniletea orodha ya vifaa stoo, imeandikwa kwa mwandiko wake wa herufi kubwa. Alikuwa amebakiza miaka miwili ya kazi na alitaka kuufunga utumishi wake kwenye ukumbi ule aliouanzia.

Kikaoni, Mama Mwanvita alizungumza kwa upole, na namtetea hapa kwa sababu alisema kwa nia njema. Alisema mzee wetu apumzishwe, macho na mkono vimechoka, sote tuliona kwa Athanas. Kazi wapewe watu wa nje. Mkuu wa Chuo aligeuka upande wangu. "Athanas, wewe ndiye ulikuwa mwenye nyumba. Unasemaje?"

Sikuwa nimebanwa na wageni siku hiyo. Sikuwa na mkwe mbele yangu. Kulikuwa na watu saba ninaowafahamu, na chupa za maji mezani. Nikasema, "Naunga mkono."

Nilijitetea moyoni kwamba ndoa bado, kwamba ni Yunusi mwenyewe aliyenipa muda. Upendo alifunga ndoa Desemba, ndoa nzuri, na Yunusi alikuja akacheza na mabibi mpaka watu wakapiga vigelegele. Januari nilisema ngoja watu warudi likizo. Machi nilisema ngoja mitihani. Baadaye sikujidanganya tena kwa tarehe. Nilinyamaza tu. Kunyamaza nako kunazoeleka, unaamka nako asubuhi, unapiga nako mswaki.

Ile "kazi nyepesi" ilikuwa kupaka chokaa mawe ya kando ya njia, kuanzia getini hadi kwenye bwalo. Fundi aliyekataa kupaka maktaba kwa sababu ya bomba lililofichika, akapewa mawe. Kila asubuhi alikuja dirishani kwangu kuchukua chokaa. "Shikamoo, kaka." "Marahaba, Baba Upendo. Leo nipe mfuko mmoja." Alisaini daftari, akaenda. Wengine hupaka mawe juu juu, chokaa inaangukia kwenye nyasi. Yunusi aliyaosha kwanza kwa brashi na maji, jiwe moja moja, akayaacha yakauke, ndipo akapaka. Nilimwona kutoka dirishani kwangu kwa muda wa miaka miwili, na nilikuwa naisogeza meza yangu kidogo kidogo ili nisimwone.

Kamati iliponiomba niandike wasifu huu kwa kuwa "ninyi wawili mmekuwa karibu sana", nilikubali nikidhani nitaweza kupita pembeni. Nilifika kwenye ile sentensi ya kazi nyepesi nikakwama. Nikaichana. Nikaandika haya mnayoyasikia, kisha Jumapili iliyopita nikampelekea kwake Kichangani ayasome kabla hayajachapwa. Aya zinazofuata nimeziongeza baada ya kutoka huko.

Alinikaribisha ndani. Mkewe, Bi Asha, alikuwa ameenda msibani. Wakati Yunusi anatafuta miwani, nilitazama kuta za sebule yake nikaona mistari ya rola, na kwenye kona rangi imerukia dari. Nikasema ujinga: "Umepaka lini, kaka?"

"Sikupaka mimi," akajibu. "Asha aliita fundi, Ramadhani ya mwaka jana, tukijiandaa na Idd. Aliambiwa sokoni kwamba mkono wangu umekwisha, nimemharibia mtu nyumba mbele ya wakwe. Aliona vibaya kuniambia. Akasema tu, mume wangu, wewe umechoka, pumzika, nimeshampata kijana wa watu."

"Na wewe?"

"Nikakaa nje barazani siku mbili. Nilikuwa namsikia anavyokwangua. Hakukwangua vya kutosha."

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia mkewe ukweli, wake mwenyewe, ndani ya nyumba yake. Alivaa miwani, akaiweka sawa puani.

"Ningemwambiaje bila kukutaja wewe? Asha na Devotha wako kikundi kimoja cha kuweka na kukopa. Wangekaaje pamoja tena?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa msamaha wake, nakiri kwa aibu. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Miaka miwili nilidhani nimemchukulia mtu ukumbi. Kumbe nilimtoa hata sebuleni kwake.

Alisoma karatasi zote, polepole, kidole kikifuata mistari. Alirekebisha kitu kimoja. Nilikuwa nimeandika kwamba kwangu alipaka mikono miwili, naye akachukua kalamu akaandika mitatu. Kisha akauliza, "Hii itasomwa kwa sauti?"

Nikamwambia itasomwa, na msomaji ni Mama Mwanvita.

Alizikunja karatasi akanirudishia. "Basi siku hiyo nitamleta Asha," akasema. "Mwambie Mwanvita asome taratibu."

Mama Mwanvita, hayo ndiyo maagizo yake, usiruke aya. Mkuu wa Chuo, nilichokuambia kikaoni Agosti 2023 hakikuwa kweli, na nimeandika barua ya kukiri hivyo ili iingie kwenye faili la Ndugu Yunusi kabla halijafungwa. Mzee Rogers nimempigia simu jana nikamweleza yote. Aliniuliza kama nimeshamwambia mke wa fundi. Nikasema ndilo ninalolifanya kesho.

Kaka Yunusi, chuo kinakushukuru kwa miaka thelathini na mitano ya kuta zisizopasuka. Mimi binafsi nakuomba radhi mbele ya wote hawa, na sikuombi unijibu. Mwenyezi Mungu akupe afya, akupe usingizi mtamu na asubuhi zisizo na haraka hapo Kichangani, na kila ukienda Kinole ukute ndizi zimeiva.

Na wewe Bi Asha, shemeji yangu, uliyekaa safu ya mbele: ukuta uliosimuliwa sokoni niliupaka mimi, Athanas, kwa mkono wangu, baada ya mumeo kunikataza. Macho yake ni mazima na mkono wake ni mzima. Fundi uliyekuwa unamtafuta Ramadhani ile alikuwa amekaa barazani kwako.